Daktari wa udongo



Hapa kwetu jembe ni azabu ya wenye kuchelewa. Ndiyo maana mwanafunzi akisema anataka kusomea kilimo, wenzake wanacheka: miaka hii yote ya masomo, kisha urudi kulima? Basi wasikie habari ya Mukongomani mmoja, Nteranya Sanginga.

Alisomea kilimo Yangambi, karibu na Kisangani, akawa daktari wa viumbe vidogo sana vinavyoishi udongoni. Kazi ilimpeleka Nigeria, Zimbabwe na Austria. Toka 2003 aliongoza TSBF kule Nairobi, iliyokuwa ikichunguza rutuba ya udongo wa nchi za joto. Kutoka 2011 mpaka 2021 alikuwa mkuu wa IITA huko Ibadan, iliyoundwa 1967. Mbele yake hakuna Mwafrika aliyekalia kiti kile.

Lakini alichunguza nini? Hewa tunayovuta, sehemu 78 katika 100 ni azoti. Mmea unaitaka sana, lakini peke yake hauwezi kuichukua hewani. Maharagi, soya na karanga vina rafiki: bakteria wanaoingia mizizini na kufanya vinundu. Wao wanaupa mmea azoti ya hewa, nao unawalipa kwa sukari. Chimbua mmea wa maharagi polepole wakati wa maua (usivute, vinundu vitabaki chini), pasua kinundu kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe ama kijani, kinakula bure.

Sasa utajuaje azoti gani ilitoka hewani, na gani udongoni? Hapo shimi inaingia. Kuna azoti 14, ya kawaida, na azoti 15, nzito kidogo. Wanatia shambani mbolea yenye azoti 15. Mmea uliokula hewani unaonekana nayo kidogo kuliko jirani yake. Hivyo alipima miti ya lusina.

Hapa Kabare na Walungu mashamba ni madogo, na mvua inashusha udongo mulimani. Wakati Sanginga alikuwa mkuu wa TSBF, watu wake walijaribu huku mihogo pamoja na maharagi. Desturi ni metre 1 kwa metre 1. Wao wakaacha metre 2 kati ya mistari, na nusu metre ndani ya mustari. Pigeni hesabu: kila shina bado lina metre mraba 1, yaani mashina 10.000 kwa hekta, hakuna lililopotea! Lakini katikati jua linaingia, na mama anaweza kupanda maharagi musimu wa kwanza, tena na wa pili. Walitia na mbolea kidogo, juu katika udongo uliochoka bakteria wanakosa fosfori.

Ninyi wa biolojia na shimi mnaotafuta njia kisha diplome ya Serikali, kazi hii inawataka.

Maharagi ya shamba letu yanatoa maua sasa. Mwenye kutaka kuona vinundu aje siku ya nne kisha masomo, alete kisu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la 6