Kwa nini michezo ya zamani hugoma katika tarakilishi mpya

KIJANA anachakura sandukuni, anapata diski ya mchezo uliotamba enzi za utoto wake, anaitia kwenye tarakilishi mpya na kubofya mara mbili. Kioo kinaingia giza. Sekunde chache baadaye anarejeshwa alikotoka, bila hata neno moja la kumweleza kosa liko wapi.

Anayefuata ni fundi, na dawa ya mafundi wengi ni moja tu: kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya. Mpwa wangu alikubali matibabu hayo. Alipoteza picha za harusi ya dadake na insha zake za chuo, naye fundi akalipwa. Mchezo uligoma vile vile.

Ulikuwa na haki ya kugoma, kwa kuwa Windows haikuwa mbovu. Kilichotokea ni kwamba mchezo uliandikiwa mfumo ambao umebadilika.

Programu nyingi za kabla ya Windows 95 zilikuwa za biti 16. Windows ya biti 64 haiwezi kuziendesha, na Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haina toleo la biti 32 la kukimbilia. Wakati mwingine mchezo wenyewe ni wa biti 32 na hauna neno, ila programu ya kuusakinisha ndiyo ya biti 16, na safari ikafia mlangoni. Kwa michezo ya enzi ya DOS, kuna programu ya bure iitwayo DOSBox ambayo huigiza mashine ya kale ndani ya mpya.

Kisa cha pili kinaudhi zaidi. Michezo mingi iliyouzwa mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ililindwa dhidi ya wanakili kwa kinga iitwayo SafeDisc. Kinga hiyo ilitegemea faili ya secdrv.sys, iliyofanya kazi ndani kabisa ya kiini cha Windows. Mwaka 2007 iligunduliwa kuwa na kasoro ambayo mhalifu angeitumia kujitwalia mamlaka ya mashine. Microsoft iliiziba kasoro hiyo, lakini Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, SafeDisc haikuruhusiwa tena. Septemba mwaka huo huo, sasisho la usalama liliizima katika Vista, Windows 7 na Windows 8 pia.

Hivyo basi aliyenunua diski kwa pesa zake halali ndiye anayefungiwa nje, huku nakala ya wizi iliyovuliwa kinga ikicheza bila wasiwasi. Ni kinaya, na ndicho kinachowasukuma vijana kupakua faili za kuvunja kinga kutoka tovuti zisizojulikana. Ukiona maagizo yanakutaka uzime kwanza programu ya kukinga virusi, simama hapo hapo. Njia salama ni kutafuta toleo lililotengenezwa upya. Age of Empires II ya mwaka 1999, kwa mfano, ilitolewa upya mwaka 2013 na tena mwaka 2019. Duka la GOG, lililoanza mwaka 2008, huuza michezo mikongwe isiyo na kinga ya aina hiyo.

Hitilafu nyingine ni nyepesi. Ukiambiwa kwamba d3dx9_43.dll haipo, usiipakue faili hiyo peke yake. Kuwa na DirectX 12 hakumaanishi kuwa faili za toleo la tisa zimo. Microsoft yenyewe ilizikusanya katika furushi la Juni 2010. Mchezo ukidai DirectPlay, kipengele hicho kimo ndani ya Windows, kimezimwa tu. Kiwashe katika orodha ya 'Windows Features'.

Kabla ya hayo yote, bofya alama ya mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia 'Properties', kisha 'Compatibility', uchague Windows XP. Yapo mengi yanayotibika hapo. Michezo mingine hulemewa na kasi yenyewe: Grand Theft Auto: San Andreas, iliyofika kwenye tarakilishi mwaka 2005, hufanya vituko ukiondoa kikomo cha picha kwa sekunde. Kirejeshe kikomo hicho.

Tangu Vista, programu za kawaida haziruhusiwi kuandika ndani ya 'Program Files', ilhali michezo mikongwe ilihifadhi alama za mchezaji humo humo. Usakinishe mchezo katika kabrasha lako mwenyewe, mathalani C:\Michezo. Ikiwa tayari uko kwingine na hatua ulizohifadhi hazionekani, zitafute katika kabrasha fiche liitwalo VirtualStore, uzinakili pembeni pamoja na picha zako, kisha ndipo umwite fundi.