Mahamri yako na mbegu inayokimbizana na mvua

Umetoka zako Mtongwe asubuhi, unateremka kwenda feri. Kabla hujavuka unapita kwa mama wa mahamri, unakula mawili na mbaazi za nazi. Sasa kumbuka mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza. Unga ulipanda bei, mahamri yakawa madogo mpaka ukauliza kama ni ya mtoto.

Mama hakuwa anakuibia. Kenya inakula ngano nyingi kuliko inayolima, na nyingi inakuja kwa meli. Ukiwa juu ya feri, tazama upande wa Kilindini: huko ndiko inakoshushwa.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo siku hizi nasoma ninachotaka mwenyewe. Nilitaka kujua kwa nini tusilime ngano yetu ya kutosha. Nikaangukia mmea ambao sikuwahi kuusikia: tritikale.

Ndoa ya ngano na rai

Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu yake ngano. Unga wake hauumuki vizuri kama wa ngano, lakini mmea wenyewe ni sugu: udongo mbaya sawa, baridi sawa. Watu wakawaza, je, tukiwaozesha hawa wawili?

Mwaka 1875 mtaalamu mmoja wa Uskoti, Wilson, alifaulu kupata chotara. Lakini chotara huyo alikuwa tasa, kama baghala, mtoto wa punda na farasi. Mwaka 1888 Mjerumani Rimpau akapata wa kwanza aliyezaa mbegu.

Shida iko kwenye kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi. Ngano ngumu ya tambi inatoa 14, rai inatoa 7. Jumla ni 21, na kila moja haina mwenzake wa kupangana naye, basi uzazi unakwama. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wataalamu wakaanza kutumia dawa iitwayo kolchisini, inayozidisha kromosomu mara mbili. Zikawa 42, kila moja na pacha wake. Mmea ukazaa.

Kuzaa ni jambo moja, kuwahi ni jambo jingine. Tritikale za mwanzo zilikuwa ndefu, zinaanguka, punje zimesinyaa, na zinachelewa kukomaa. Nyingine zilihitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo zitoe maua. Hebu ipande hiyo Kisauni! Itabaki majani tu, inangoja baridi isiyokuja. Hata Njoro, kule juu Bonde la Ufa kwenye baridi ya asubuhi, haitatosheka.

Halafu kuna mimea inayohesabu saa za mwanga. Ulaya siku za kiangazi ni ndefu, mmea unajua wakati umefika. Sisi tuko kwenye ikweta, mchana ni saa kama 12 mwaka mzima. Kwa hivyo tunahitaji mbegu isiyodai baridi wala kuhesabu mwanga.

Bahati ya Meksiko

Mbegu ya aina hiyo ilipatikana kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mashamba ya kituo cha CIMMYT kule Meksiko, chavua ya ngano fupi ilipeperuka ikaingia kwenye tritikale. Watoto waliotoka walikuwa wafupi, wenye rutuba, wanaowahi kukomaa, na hawakujali urefu wa siku. Wakaitwa Armadillo. Lakini bahati hiyo iliwakuta watu walio shambani tayari, wakikagua mmea mmoja mmoja. Asiyekuwepo angeivuna pamoja na magugu.

Leo tritikale inalimwa zaidi Ulaya, Poland ikiongoza, na sehemu kubwa ni chakula cha mifugo. Usiitafute dukani Changamwe. Ila damu ya rai umeshaila, maana kipande cha kromosomu yake kiliingizwa katika ngano nyingi duniani. Kipande hicho kilibeba kinga dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa unaoweza kumaliza shamba zima.

Mwaka 1998 kinga hiyo ilivunjwa hapa hapa Afrika Mashariki. Aina mpya ya kutu ilionekana Uganda, ikaitwa Ug99, kisha ikavuka hadi Kenya. Ndiyo maana tangu 2005 kituo cha Njoro, kilichoanza 1927 na leo kiko chini ya KALRO, kinapokea maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi. Zinapandwa katikati ya ugonjwa makusudi, kwa misimu miwili kwa mwaka. Inayokufa inatupwa, inayosimama inaendelea.

Duma na ukame

Kenya ina ngano inayoitwa Kwale, jina la ndege, japo Kwale yenyewe hailimi ngano. Na kuna Duma, iliyotolewa kwa ajili ya sehemu kavu. Jina limekaa sawa: inawahi kukomaa kabla mvua haijakata. Haishindani na ukame, inaukimbia.

Lakini mbio zina gharama. Mmea unaomaliza mapema unapata siku chache za kujaza punje, hivyo mvua ikinyesha vizuri, ule wa polepole unaweza kuushinda kwa magunia. Mzalishaji anatafuta katikati, na kazi hiyo kwa kawaida hula miaka karibu kumi kuanzia siku ya kuchavusha hadi gunia la mbegu kumfikia mkulima.

Hapo ndipo niliguswa. Niliacha chuo nikidhani nimewahi, kumbe wanaotengeneza mbegu ya haraka ndio watu wenye subira kuliko wote. Sisemi urudi darasani. Hata mimi sijarudi. Nasema tu, ukisikia bajeti ya utafiti wa kilimo imekatwa, usipite kana kwamba ni habari ya watu wa bara. Hasara yake utaikuta kwenye sahani yako, baada ya miaka.

Kesho mahamri yakiwa madogo, usimgombeze mama. Muulize unga umefika shilingi ngapi, kisha geuka uangalie zile meli.