Kadi ya karatasi ya ndovu: tuulize nani anafaidika

Msimu wa harusi ukifika, kila nyumba huwa na rundo la kadi. Zinang'ara, zina utepe wa plastiki, na wiki ya pili zishatupwa jaani. Pesa zimekwenda mbali, taka zimebaki kwetu. Na hapa hapa Kwale kuna njia nyingine.

Hifadhi ya jamii ya Mwaluganje, jirani na Shimba Hills, ilianzishwa mwaka 1995. Wakulima wa Kiduruma na Kidigo walikubali kuyaacha mashamba yao yawe mapito ya ndovu, baada ya miaka mingi ya kuliwa mahindi na kukesha wakilinda. Makubaliano yalikuwa kwamba nao wagawiwe mapato ya wageni. Baadaye ikazuka kazi nyingine: kutengeneza karatasi, kadi na vijitabu kutokana na kinyesi cha ndovu.

Usicheke. Ndovu hula majani na magome kutwa, lakini tumbo lake halisagi hata nusu ya alichokula. Kinachotoka kimejaa nyuzi. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa kwa saa kadhaa kuua vijidudu, hupondwa na kuchanganywa na karatasi kuukuu mpaka ziwe rojo. Rojo hutiwa majini, huchotwa kwa fremu ya wavu, hukamuliwa, kisha huanikwa juani. Hakuna mti uliokatwa, wala harufu haibaki.

Lakini tusidanganyike: kitu kutengenezwa kwa mkono si dhamana kwamba mkono ule umelipwa. Ndipo linapokuja suala la biashara ya haki. Shirika la kimataifa la biashara hiyo, World Fair Trade Organization, lina kanuni 10. Miongoni mwake ni malipo ya haki, kutotumikisha watoto na kutunza mazingira. Tena mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, hutanguliza angalau nusu ya malipo, bila riba. Fundi hapo hana haja ya kukopa ili anunue kuni na rangi.

Kwa hivyo ukikuta kadi kama hizi dukani, muulize muuzaji mambo matatu. Nani ameitengeneza? Amepata shilingi ngapi katika bei hii? Maji yenye rangi yanamwagwa wapi? Asiyeweza kujibu anauza hadithi tu.

Najua mwenzangu utauliza: na najisi je? Swali ni la haki. Wengi wetu pwani ni Mashafii, na kinyesi kwetu ni najisi. Kadi yenye Bismillahi au aya usiiandike kwenye karatasi hiyo. Muulize shekhe wako, au tafuta karatasi ya nyuzi za mgomba, nayo hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Zawadi hizi kwa kawaida tumewaachia watalii. Watalii wasipokuja, kama ilivyokuwa 2020 wakati wa korona, fundi hukaa mikono mitupu, na mkulima aliyetoa shamba lake huanza kumtazama ndovu kama adui tena. Mnunuzi wa jirani hahitaji ndege kufika Kwale. Mja na lake hasubiri mgeni: harusi ijayo, tuanze na kadi 20 tu.