Dawa Iliyozidi Isafiri Ingali na Muda

Habari za dawa kuisha muda zikiwa bohari zinapotoka, swali la kwanza huwa ni nani alaumiwe. Swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa dawa hizo zilinunuliwa kwa fedha za umma au za wafadhili, na yumkini zilipokuwa zimekaa rafuni kuna mgonjwa aliyeambiwa akanunue dawa hiyohiyo mtaani. Hata hivyo, kulitanguliza swali la lawama ndiko kunakofanya tatizo lidumu. Mtunza stoo mwenye dawa nyingi kuliko mahitaji ya kituo chake, akijua kwamba kusema ni kujishtaki, atanyamaza mpaka tarehe ipite. Ninachotetea hapa ni kwamba ziada ya dawa haiwezi kufutwa kabisa katika mnyororo wowote wa ugavi, ila inaweza kumfikia anayeihitaji ikiwa ingali na muda wa kutosha. Na hilo hufanikiwa pale tu ambapo pande husika zimepatana mapema, kwa masharti yasiyomwadhibu anayetangulia kusema.

Uzembe upo, lakini hauelezi sehemu kubwa ya ziada tunayoiona. Dawa huagizwa miezi mingi kabla ya kutumika. Shehena inayotoka kiwandani India au China hupitia zabuni, uzalishaji, safari ya bahari, ukaguzi wa bandarini na maghala kadhaa kabla ya kufika zahanati, na aliyejaza maombi alikuwa akikisia idadi ya watu ambao bado hawajaugua. Mvua zikikatika, malaria hupungua na dawa hubaki. Mlipuko ukizuka, akiba ya mwaka huisha kwa wiki chache. Kisha kuna mabadiliko ya miongozo ya tiba. Tanzania iliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 ikaenda kwenye dawa ya SP, na kuelekea mwisho wa mwaka 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu. Miaka ya karibuni watu wanaoishi na VVU katika Afrika Mashariki wamehamishiwa tiba yenye dolutegravir, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2019 kuwa chaguo la kwanza. Kila badiliko la aina hii ni la heri kwa mgonjwa, lakini nyuma yake hubaki maboksi ya dawa ambayo hakuna daktari atakayeiandika tena. Zamani kulikuwa pia na masanduku yaliyofungwa tayari, yenye dawa zilezile kwa kiasi kilekile, yaliyopelekwa kwenye zahanati ya nyanda za baridi sawasawa na ya bondeni kwenye mbu. Huku dawa ilirundikana, kule ikaisha katikati ya mwezi. Mfumo wa sasa, ambao kituo chenyewe hukadiria na kuomba, ulipunguza kasoro hiyo bila kuimaliza.

Kuitambua ziada mapema ni hesabu ambayo kila mtunza stoo anaimudu, na inafaa tuipitie taratibu kwa sababu hoja yote inaegemea hapo. Chukua zahanati yenye dozi 2,400 za dawa fulani, inayotumia dozi 100 kwa mwezi, na dawa hiyo ina miezi 10 kabla ya kuisha muda. Katika miezi hiyo itatumia dozi 1,000. Dozi 1,400 zilizobaki hazina mgonjwa katika zahanati ile, ingawa tarehe iliyochapwa kwenye boksi inaonekana kuwa mbali. Zikitolewa leo, vituo saba vinavyotumia dozi 20 kwa mwezi vitazimaliza zote. Zikitolewa baada ya miezi minane, ziada ni ileile 1,400, lakini kila kituo cha aina hiyo kinaweza kutumia dozi 40 tu kabla ya tarehe kufika, kwa hiyo vitahitajika vituo 35. Hakuna mfamasia wa wilaya atakayepata vituo 35 vyenye upungufu, magari ya kuvifikia na saini za kutosha ndani ya wiki nane. Dozi hazikupungua hata moja. Kilichopungua ni muda, na thamani ya ziada imo katika muda huo.

Ushahidi kwamba taarifa ya mapema huleta nafuu upo Tanzania yenyewe. Mwaka 2009 hadi 2010 Wizara ya Afya ilishirikiana na mpango wa kimataifa wa kutokomeza malaria pamoja na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM katika jaribio lililoitwa SMS for Life. Liliendeshwa katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, na lilihusisha vituo 129. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe wa simu ukimtaka aeleze kiasi cha dawa za malaria alichonacho, na viongozi wa afya wa wilaya wakaona kwa pamoja nani anazo na nani hana. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 vilibaki asilimia 26, na Lindi Vijijini tatizo lilishuka kutoka asilimia 57 hadi sifuri. Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na kuhamisha dawa kutoka vituo vilivyokuwa nazo kwa wingi kwenda vilivyoishiwa. Dawa zilikuwa zimo wilayani. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka kujua zilipo.

Lakini tusiishie kwenye simu na kompyuta, kama wengi wanavyofanya wanapolinukuu jaribio lile. Dawa za malaria ni miongoni mwa dawa za miradi msonge, ambazo kituo hakizilipii. Kumpa jirani hakukuwa hasara kwa mtoaji. Dawa za kawaida, kama za shinikizo la damu, kisukari, na viuavijasumu vingi, zina hesabu nyingine. Zahanati huzinunua kutoka Bohari ya Dawa kwa fedha zilizo kwenye akaunti yake, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya imekuwa ikipelekwa moja kwa moja kwenye vituo ili visimamie matumizi yao. Huo ni uhuru mzuri, na nisingependa uondolewe. Ila matokeo yake ni kwamba mganga mfawidhi anayempa jirani maboksi kumi amempa fedha za wagonjwa wake, na mkaguzi atakapokuja atamuuliza zilikwenda wapi. Kumhimiza awe na moyo wa ushirikiano hakumsaidii. Kinachomsaidia ni utaratibu ambao thamani ya dawa inahama pamoja na dawa: akaunti ya anayepokea ikatwe, ya anayetoa iongezwe, na karatasi ya uhamisho iwe kinga yake mbele ya mkaguzi. Ningeongeza sharti moja: kiwango cha kurudishiwa kishuke kadiri muda wa dawa unavyopungua. Anayetoa taarifa dawa ikiwa na miezi tisa arudishiwe bei yote. Aliyengoja hadi mitatu apate kidogo. Hapo kusema mapema kutamlipa, na kunyamaza kutamgharimu.

Tofauti kati ya mapatano yaliyowahi na yaliyochelewa ilionekana waziwazi katika chanjo za UVIKO-19. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, mwanzoni mwa Machi 2021, kisha ikasitisha uzinduzi kwa hofu iliyoenea wakati ule kuhusu damu kuganda. Ilipofika mwishoni mwa Aprili ilikuwa wazi kwamba nchi isingeweza kuzitumia zote kabla ya kuisha muda mwezi Juni, ikaamua kuachilia dozi milioni 1.3. Ghana peke yake ilipokea 350,000 kati ya hizo mapema Mei. Wapo walioona aibu katika uamuzi ule. Mimi naona ni mojawapo ya maamuzi bora ya ugavi yaliyofanywa mwaka ule, na uliwezekana kwa sababu tayari kulikuwa na chombo kimoja kilichowaunganisha mtoaji na mpokeaji. Malawi haikuwa na nafasi hiyo. Ilipokea dozi 102,000 kupitia Umoja wa Afrika tarehe 26 Machi, na muda wake ulikuwa uishe tarehe 13 Aprili. Wahudumu wake walijitahidi wakatumia nyingi, lakini dozi 19,610 zilibaki, na mwezi Mei zikateketezwa hadharani Lilongwe. Ni jambo zito kuitaka nchi imalize shehena ya chanjo kwa siku 18, kisha kuihesabia mabaki kuwa kushindwa kwake.

Kisa hicho kinaleta pingamizi ambalo wenye mashaka hulitaja, nao hawakosei: kwamba ushirikiano wa kugawana ziada huweza kuwa jina zuri la kuwatupia wengine mzigo. Bosnia na Herzegovina, kati ya mwaka 1992 na katikati ya 1996, ilipokea kwa jina la msaada tani zipatazo 17,000 za dawa zisizofaa, na gharama ya kuziteketeza ilikadiriwa kufikia dola milioni 34. Matukio ya namna hiyo ndiyo yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1996, kutoa mwongozo wa misaada ya dawa. Mwongozo huo unasema dawa ziwe zimeombwa au kukubaliwa na mpokeaji, ziwe katika orodha yake ya dawa muhimu, na ziwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika. Kinachoitenganisha ziada yenye faida na taka ni haki ya mpokeaji kukataa. Ndani ya nchi haki hii husahaulika mara kwa mara. Wilaya ikishusha maboksi kwenye kituo cha afya bila kuuliza, imehamisha tu mahali pa kuisha muda, na takwimu za bohari ya wilaya zinapendeza huku mgonjwa akiwa hajapata kitu.

Pingamizi la pili ni la ubora. Dawa iliyotoka katika zahanati yenye paa la bati na isiyo na feni, ikakaa huko miezi mitano kwenye joto la Kilwa, ina nguvu ileile? Hapa ukali unahitajika. Boksi lililofunguliwa lisihame. Dawa ya kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 isihame kama hakuna kumbukumbu ya joto isiyo na pengo. Namba ya toleo iandikwe pande zote mbili, ili Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikitangaza kurejeshwa kwa toleo fulani, lipatikane lilipo. Masharti haya yatapunguza kiasi kinachoweza kuhamishwa, nami nayakubali. Yapo mawazo mengine kwamba tuongeze tu muda wa matumizi, na wenye mawazo hayo huitaja Marekani, ambako tangu mwaka 1986 dawa za akiba ya jeshi hupimwa upya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa asilimia 88 ya matoleo yaliyopimwa yangeweza kuongezewa angalau mwaka mmoja. Matokeo hayo ni ya kweli, lakini ni ya dawa zilizokaa katika vifungashio vyake vya asili, kwenye maghala yenye joto linalodhibitiwa, zikapimwa maabara toleo kwa toleo. Huwezi kuyachukua ukayapachika kwenye rafu ya zahanati.

Inabaki gharama ya usafiri, pamoja na hoja kwamba fedha hiyo ingetumika vizuri zaidi kuboresha makadirio. Makadirio yaboreshwe kwa vyovyote; kwa kweli taarifa za ziada ndizo zitakazoyaboresha, maana zinaonyesha wapi tulikosea na kwa kiasi gani. Kuhusu usafiri, Tanzania imeshajenga kitu ambacho sijaona kikitumiwa ipasavyo kwa jambo hili. Mfumo wa mshitiri, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenea mikoa yote ya Bara, huziunganisha halmashauri za mkoa ili ziwe na msambazaji binafsi mmoja wa kuziba pengo pale Bohari ya Dawa inapokosa dawa. Ni mkataba uliobuniwa kwa ajili ya uhaba. Mkataba huohuo unaweza kupewa kifungu cha ziada: gari la mshitiri linaloshusha mzigo kwenye kituo kimoja libebe, kwa malipo yaliyokubaliwa, maboksi yaliyozidi hadi kituo kinachofuata. Dawa zenye alama ya serikali zibaki katika vituo vya serikali, na yeye awe mchukuzi tu, asizigeuze bidhaa. Kwa namna hiyo kabla ya kununua dawa mpya, mkoa utakuwa umekwisha kuuliza kama ipo kwenye halmashauri ya jirani.

Kenya ina kikwazo kingine. Tangu majukumu ya afya yahamie kwenye kaunti 47 mwaka 2013, dawa zinazonunuliwa na kaunti ni mali ya kaunti, na hospitali mbili zinazotazamana ng'ambo ya mpaka wa kaunti zinaweza kuwa na ziada na uhaba wa dawa moja bila afisa yeyote kuwa na idhini ya kuzihamisha. Mapatano kati ya kaunti jirani yangehitaji kutaja mambo machache tu: orodha ya dawa zinazohusika, muda wa chini unaokubalika siku ya kupokea, bei ya kurudishana, na nani anatia saini. Ningesisitiza la tano, ambalo ni rahisi kuachwa kwa kuwa hakuna anayependa kulizungumza wakati wa kutia saini: nani atalipa gharama ya kuteketeza dawa zikiisha muda baada ya kuhamishwa. Mpokeaji aliyezikubali zikiwa na muda uliopatanwa ailipie mwenyewe. Zikiletwa zikiwa chini ya muda huo, gharama imrudie aliyezituma.