Kizazi Kikishuka, Mama Asifiche

Siku moja baada ya kipindi hapa Buhare, mama mmoja alibaki wenzake walipoondoka. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba tangu azae mtoto wa sita kuna kitu kinashuka, hasa jioni akitoka shamba. Miaka minne hajamwambia mtu. Maneno hayo tumekwisha yasikia kwa akina mama wengi, ndiyo maana leo tunayaandika.

Ndani ya nyonga ya mwanamke kibofu cha mkojo kiko mbele, kizazi katikati, na utumbo wa haja kubwa nyuma. Vyote vinashikiliwa na misuli iliyotandazwa chini kama kitanda cha kamba. Kamba zikilegea, kitanda hubonyea. Ndivyo na kizazi: misuli ikilegea hushuka ukeni, na pengine hutokeza nje.

Jamani, huku si kurogwa, wala si adhabu ya uzinzi. Huletwa na kuzaa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, uzee, kikohozi kisichopona, kufunga choo na mizigo mizito. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mkoa wa Kilimanjaro, ambako wanawake zaidi ya 1,000 wa vijijini walipimwa. Katika kila 100, kama 65 walikuwa na hali hii, ingawa kwa wengi ilikuwa ndogo. Waliozidiwa ni kama 7. Waliozaa mara 5 au zaidi na wanaobeba mizigo mizito kwa saa nyingi ndio waliopatwa zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya kwetu. Maji ya ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mama akienda ziwani mara 4, amebeba kilo 80 kwa siku moja, kuni hatujazitaja. Na mzazi wa wiki mbili naye tunamkuta njiani na ndoo yake kichwani! Baba mwenye baiskeli, ndoo hizo ni zako mpaka wiki 6 zipite.

Hali ikiwa bado ndogo, mazoezi husaidia. Kaza misuli ya chini kama unazuia mkojo na upepo. Hesabu mpaka 5 huku unapumua, kisha legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3 au zaidi. Waweza kufanya umekaa unachambua dagaa, hakuna atakayejua.

Kikitokeza nje, usitie majani wala dawa yoyote ukeni. Nenda zahanati, nao watakuelekeza hospitali ya mkoa Musoma, au Bugando, Mwanza. Daktari anaweza kukuwekea kifaa laini chenye umbo la pete, kinachokiinua kizazi. Hutolewa, huoshwa na kurudishwa. Wengine huhitaji upasuaji. Lakini mkojo ukigoma kutoka, au ukiona damu, kidonda au usaha, usingoje kesho.

Yule mama alituuliza, "Nitaanzaje kumwambia mganga kijana kama mwanangu?" Tukamwambia: si umekwisha jua kuandika? Akachukua daftari lake, akaandika, "Kizazi chango kimeshuka, naomba kupimwa." Tulimsahihisha neno moja tu. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nayo zahanati.