Sakafu ya mbao: Kosa la kuchagua bamba hulipwa msimu wa mvua

MVUA ya masika inapoanza katika nyanda za juu za Uasin Gishu, sakafu huwa ya kwanza kumfichulia mwenye nyumba iwapo alitumia fedha zake vyema. Bamba lililonunuliwa kwa bei nafuu wakati wa kiangazi huanza kufura pembeni, viungo huinuka, na kabla ya mwaka kwisha fundi huitwa tena kung'oa kazi yote.

Hali hiyo ni ya kutarajiwa katika eneo la Plateau, kusini mashariki mwa mji wa Eldoret. Kituo hicho kipo kando ya reli iliyofika Eldoret mnamo 1924, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku huwa na baridi kali, na ndiyo sababu wengi hutamani kufunika saruji kwa mbao. Lakini mvua na ukungu huacha unyevu mwingi hewani na ardhini, na unyevu ndio adui mkuu wa mbao.

Isitoshe, mbao nzito za asili kama muhugu na mzaituni wa Elgon, zilizosifika kwa kazi ya sakafu, ni adimu. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018, nayo ilipandisha bei ya mbao za kawaida. Ingawa Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, wajenzi wengi walikuwa wamekwisha kuzoea mabamba ya kiwandani.

Mabamba hayo, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa kipimo cha futi nane kwa nne, hufanana yakiwa yamepangwa dukani. Tofauti yake imo ndani.

Plaiwudi hutengenezwa kwa matabaka membamba ya mbao yanayogandishwa kwa gundi, kila tabaka likikingama na lililo chini yake. Mpangilio huo huipa nguvu pande zote na kuizuia kutanuka ovyo. Kwa sakafu inayobeba uzito, hili ndilo chaguo la kwanza.

Chipibodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi. Ile ya kawaida ni ya samani na haifai sakafuni. Ipo aina maalumu ya sakafu inayostahimili unyevu kiasi, lakini ni lazima mnunuzi aiulizie kwa jina na kusoma alama zake.

MDF hutokana na nyuzi laini za mbao. Uso wake ni laini na hupendeza kwa rangi, ila ikinywa maji hufura na hairudi katika unene wake wa awali. Kazi yake ni kabati na urembo wa ukutani. Blokibodi nayo, ambayo moyo wake ni vipande vya mbao vilivyopangwa sambamba, inafaa zaidi milango na rafu.

Siri nyingine ni gundi. Gundi ya yurea ni ya bei nafuu lakini hulegea inapolowa mara kwa mara. Ile ya fenoli, ambayo huacha mstari mweusi kati ya matabaka, huvumilia maji. Mnunuzi anaweza kuomba kipande cha plaiwudi na kukichemsha kwa saa kadhaa. Matabaka yakiachana, bamba hilo halifai mahali penye unyevu, hata kama limeandikwa kuwa la kuzuia maji.

Gundi ya yurea pia hutoa hewa ya fomaldehaidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiorodhesha mnamo 2004 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Katika eneo la baridi ambako madirisha hufungwa mchana kutwa, ni busara kutafuta bamba lenye alama ya E1, inayoonyesha kiwango cha chini cha hewa hiyo, na kuacha chumba wazi kwa siku kadhaa kabla ya kulaza mtoto humo.

Bamba bora pia huharibika likitandikwa vibaya. Kwa nyumba ya saruji, karatasi nzito ya plastiki ibandikwe sakafuni pande zote kwa siku moja hadi tatu. Matone yakionekana chini yake, au saruji ikigeuka nyeusi, kazi isubiri. Hata ikiwa kavu, plastiki ya kuzuia unyevu itandazwe kwanza.

Kwa nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, plaiwudi ya milimita 18 yahitaji boriti zisizoachana zaidi ya milimita 400 hivi. Nyuzi za uso wa bamba zikingame na boriti. Matundu ya kupitishia hewa chini ya sakafu yasizibwe kwa sababu ya baridi, kwani hewa iliyotuama huozesha boriti. Mwanya wa milimita tatu uachwe kati ya mabamba na wa milimita 10 kandokando ya ukuta, na skurubu zitumiwe badala ya misumari, ambayo hulegea na kuifanya sakafu ilie.

Chumba cha futi 12 kwa 12 kina futi mraba 144, na bamba moja hufunika 32. Hivyo mabamba manne na nusu hutosha, yaani mnunuzi alipie matano. Mabamba hayo yakae ndani ya chumba chenyewe kwa siku mbili au zaidi kabla ya kupigiliwa, ili yazoee hali ya hewa ya humo.

Mwisho ni desturi ya nyumbani. Familia iliyozoea kumwaga ndoo ya maji na kupiga deki kila asubuhi, au kuingia ndani na gambuti zenye matope, ijiulize kwanza kama iko tayari kubadili mwenendo. Sakafu ya mbao hufagiwa na kupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Asiyeweza hilo, heri abaki na saruji yake na kununua zulia.