Panya wa Darini Huchagua Nyumba, Hawachagui Watu

Kuna kauli iliyozoeleka vinywani mwa wakazi wengi wa miji yetu, nayo ni kwamba panya hufuata uchafu wa watu. Mtaa ukisifika kwa panya, wakazi wake huhesabiwa kuwa wavivu wa kufagia na kuosha vyombo. Taaluma yangu ni lugha, si wanyama. Hata hivyo, lugha imenifunza kuzitilia shaka kauli zinazorudiwa mno bila kuchunguzwa, na hii ni mojawapo.

Tuanze kwa kumtambua mshtakiwa. Simzungumzii panya buku, wala yule mnene wa mitaroni. Namzungumzia panya wa darini, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus: mwembamba, mwenye masikio makubwa na mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake. Asili yake ni Bara Hindi, na pwani yetu aliifikia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, akiwa abiria asiyelipa nauli katika vyombo vya biashara. Ni mkwezi hodari. Huparamia kuta, hutembea juu ya waya na kujipenyeza katika tundu lenye upana wa sentimita 2 hivi. Jike hubeba mimba kwa majuma 3 tu.

Kiumbe huyu huhitaji mambo matatu: chakula, maficho na njia. Mtaa unaompa yote matatu ataustawisha ukoo wake humo, uwe wa matajiri au wa maskini.

Chukua chakula. Katika magorofa ya Eastlands jijini Nairobi, mpangaji hufunga taka zake mfukoni na kuziteremsha langoni kama alivyoagizwa. Zisipochukuliwa kwa majuma mawili, je, kosa ni la ufagio wake? Kwa upande mwingine, katika mitaa yenye bustani, maparachichi na mapera huanguka na kuoza chini ya miti, na chakula cha mbwa hulala nje usiku kucha. Panya hula kote kuwili bila ubaguzi.

Maficho nayo hutokana na ujenzi. Nafasi iliyo kati ya dari na mabati au vigae ina joto na giza, na binadamu haifikii ila kwa nadra. Kigae kimoja kilichovunjika kinatosha kuwa mlango.

Ama kuhusu njia, Mji wa Kale wa Mombasa una nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na katika mitaa kama Mathare na Mukuru vyumba vingi hukaa chini ya paa moja. Mkazi mmoja akisafisha na kuziba chumba chake, panya huhamia kwa jirani, kisha hurejea pindi apatapo upenyo. Kwenye mitaa ya kitajiri, tawi lililoinamia paa hufanya kazi hiyo hiyo ya daraja.

La ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kimelijua jambo hili siku nyingi. Vichochoro vya magendo mipakani tunaviita njia za panya. Msemo huo umebeba uchunguzi makini, kwani panya hapiti ovyo. Huifuata njia ile ile usiku baada ya usiku, hata mafuta ya manyoya yake yakaacha alama ukutani. Wasemaji wa lugha waliitazama njia. Sisi katika lawama zetu tunamtazama mtu.

Lawama hiyo imewahi kutugharimu. Mwaka 1902, tauni ilipozuka Nairobi, mji uliokuwa na umri wa miaka michache tu, wakuu wa kikoloni waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Tauni hiyo huenezwa na viroboto wa panya, na soko lilikuwa limesongamana bila mitaro ya maana. Mwaka 1913 akaja Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji, naye akapendekeza makazi yagawanywe kwa misingi ya rangi. Kwa hiyo hoja ya afya, na panya wakiwamo ndani yake, ikawa hoja ya kuwatenga watu. Kila tunaposema leo kwamba watu wa mtaa fulani wamezoea kuishi na panya, twatembea katika njia hiyo hiyo ya zamani.

Sheria, kwa bahati njema, ina hekima kuliko kauli zetu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inataka maghala ya vyakula vya biashara yajengwe kwa namna inayozuia panya. Yaani imekiri kuwa panya ni suala la ujenzi. Ikiwa gunia la mahindi lastahili ulinzi huo, mtoto aliyelala chini ya dari iliyotoboka hastahili?

Wengi hukimbilia sumu. Lakini panya wa darini hukishuku kila kitu kipya, na wale wanaonusurika huzaana wakajaza pengo upesi. Isitoshe, sumu hiyo humfikia paka na bundi wanaomla panya aliyekwisha kuila. Bundi huyo ndiye tunayemfukuza kwa mawe tukimwita ndege wa uchuro, ilhali usiku kucha anatufanyia kazi bila ujira!

Dawa ya kudumu ni kuyaondoa yale matatu kwa pamoja. Matundu yazibwe kwa waya wa chuma na saruji, matawi yakatwe yasifikie paa, na taka ziwekwe katika mapipa yenye vifuniko. Paa ni mali ya mwenye nyumba, naye ndiye wa kulirekebisha. Uzoaji wa taka ni jukumu la serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, na Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na usafi wa kiwango kinachofaa.

Basi wapangaji wa jengo moja na waandike barua moja, waitie sahihi wote, na kuipeleka kwa mwenye nyumba na kwa afisa wa afya. Wahenga walitwambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kumcheka jirani kwa panya wake, tuulize kwanza ufa ule ni wa nani, na ni nani aliyelipwa auzibe.